Mke wa Ng'ambo Moja

Mwezi uliopita tulikutana tuliosoma sheria pamoja, wale tulio hai bado na wale waliokubali kutoa mchango, katika hoteli moja ya hapa Mwanza iliyojengwa juu ya mawe, ukumbi wake unatazama ziwa. Baada ya kula, mwenzetu mmoja ambaye siku hizi anafundisha chuo kikuu alisimama kutuchangamsha. Akasema kila mwaka huanza somo lake kwa kisa cha mwanamke wa Buzuruga aliyekuwa mke upande huu wa ziwa na mpita njia upande wa pili, na kwamba wanafunzi huvunjika mbavu anapowauliza: je, katikati ya maji alikuwa nani? Ukumbi ukacheka. Hata hakimu wetu mstaafu, aliyekuwa anasinzia juu ya sahani, alicheka. Mimi nilikuwa na kipande cha sato mdomoni, nikakitafuna mpaka kikaisha ladha. Huyo mwanamke alikuwa na jina. Aliitwa Minza, mimi nililala chumba cha nyuma cha nyumba yake mwaka wangu wa pili chuoni, na huyo mchekeshaji wetu alikula ugali wake zaidi ya mara moja. Sikusema kitu pale ukumbini, maana watu walikuwa wamelipa kuja kufurahi. Nasema hapa.

Nyumba yenyewe Minza na mumewe walikuwa wamepanga, hatua chache kutoka barabara ya kwenda stendi. Chumba cha mbele kilikuwa cha mashine ya kusaga: mota ya rangi ya kijani, mkanda mpana, mdomo wa bati wa kumiminia mahindi, na mfuko wa kitambaa uliovimba na kutetemeka unga ulipokuwa unajaa. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili na jiko la nje lililoezekwa kwa bati kuukuu. Chumba changu kilipakana na mashine, na ukuta haukufika juu, kwa hiyo unga ulihamia kwangu bila kodi. Nilikuwa nikifungua kitabu cha sheria ya mikataba kinatoa vumbi jeupe. Darasani waliniita Sembe, na jina hilo wengine wananiita mpaka leo, pamoja na mvi zangu hizi. Lakini ule ukuta mfupi ulinifundisha kuliko walimu wangu wengi, kwa sababu kila neno lililosemwa kwenye foleni ya mashine nililipata kitandani. "Mke wa Mganda, unga wangu usichanganye na wa huyu, wake una mchanga." "Mke wa Mganda, nisagie kwanza, nimeacha mtoto." "Mke wa Mganda, mwambie mumeo mashine inatoa dona kama kokoto." Mtaa mzima ulimwita hivyo, Mke wa Mganda. Wengi hata hawakujua kama aliwahi kuitwa Minza.

Mganda mwenyewe alikuwa Kizito, mtu mpole mwenye mikono ya grisi, fundi wa mashine. Alikuja Mwanza kwa boti ya mizigo wakati kwao kunawaka moto wa vita, akiwa na begi la spana na shati moja. Minza, Msukuma wa Magu, alikuwa anauza uji na vitumbua bandarini, akampa uji wa mkopo. Toka hapo hawakuachana. Mashine ilitokana na vitumbua vya mmoja na spana za mwingine, ila leseni ilitoka kwa jina la Kizito, kwa sababu karani aliyeandika alimtazama mwanamume na kumuuliza mwanamume. Mtoto hawakujaliwa. Jumapili Kizito alikuwa akimfukuza mkewe jikoni, anamenya ndizi, anazifunga kwenye majani ya mgomba, anazifunika na kuzivukiza mpaka saa ya kula inapita na sisi tumekaa na njaa zetu. Minza alikuwa anasema, "Huyu anapika chakula au anazika?" na Kizito anajibu, akimwita bibie kwa Kiganda, "Nyabo, chakula cha haraka ni cha ndege." Mimi ni mwanamke wa Misenyi, huko mpakani, Kiganda nimekisikia tangu utotoni, na Kizito alipenda kunisemesha lugha yake huku ndizi zikichelewa. Nadhani ndiyo sababu walinipa chumba.

Mwaka ule tulikuwa na somo la mifumo ya sheria duniani. Mwalimu wetu alikuwa amesoma Ulaya na hakutuacha tusahau. Siku ya kwanza alichora ramani ya dunia ubaoni akaipaka chaki za rangi. Bluu zilikuwa nchi zinazofuata sheria zilizoandikwa katika vitabu vikubwa, za Wafaransa na Wajerumani na wale waliotawaliwa nao. Nyekundu zilikuwa nchi za Waingereza na makoloni yao, ambako hukumu ya jaji wa jana inamfunga jaji wa leo. Kijani zilikuwa za sheria ya dini, na njano mahali ambako mila bado ina sauti. Sisi tulipakwa nyekundu, Kenya nyekundu, Uganda nyekundu, na ziwa letu likabaki jeusi katikati. "Mkielewa rangi," alisema, "mmeielewa dunia." Tuliandika hilo neno kwa neno. Nimefanya kazi ya uwakili miaka mingi sasa, na ninaweza kusema kwa moyo mkunjufu kwamba ile ramani ilikuwa upuuzi. Kati ya nyekundu na nyekundu kuna maji ya kutosha kumzamisha mtu, tena mchana kweupe.

Jioni nilikuwa nawasimulia niliyoyasoma tukiwa tunakula, ugali wa dona na vichwa vya sangara, mara nyingine michembe ya viazi vikavu na chai. Siku moja niliwaeleza Sheria ya Ndoa ya hapa kwetu: kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, majirani wakawajua kuwa ni mke na mume, basi sheria inawadhania wameoana, hata kama hapajatoka mahari wala cheti. Minza aliacha kula. "Sheria inasema hivyo?" Nikamwambia ndivyo. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akamgeukia Kizito, "Umesikia? Kumbe mimi nimeolewa na serikali." Kizito alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaniuliza kwa Kiganda kama na kwao sheria iko hivyo. Nilikuwa nimeliuliza hilo darasani. Nikamjibu hapana, kwao miaka ya kukaa pamoja haifanyi ndoa; lazima mahari ipokelewe, au kanisa, au ofisi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mifupa ya samaki.

Habari ya mahari niliijua kupitia ukuta. Kwa Wasukuma ng'ombe wa mahari hapelekwi na bwana harusi mwenyewe kama anayepeleka mzigo sokoni. Ni watu wa upande wake wanaokwenda, wanakaa, wanashindana kwa maneno, wanakubaliana. Na ukoo wa Kizito, kwao, nao ulikuwa na utaratibu kama huohuo. Mwanamume hajioi mwenyewe. Ila wakati walipotaka kuoana, ukoo wake ulikuwa ng'ambo ya vita. Vita vilipokwisha, baba yake akawa mgonjwa. Baba alipokufa, kaka mkubwa, Lawrensi, akasema atakuja msimu ukifika. Misimu ikafika, ikapita. Baadaye baba yake Minza naye akafariki, na wakaona aibu kupeleka ng'ombe kaburini. "Tumeshakuwa wazee," nilimsikia Kizito akisema usiku mmoja. "Tumeshakuwa wazee lakini hatujawa maiti," Minza akamjibu. "Mwandikie kaka yako." Aliandika. Lawrensi alifika mara mbili mwaka ule, akala, akalala, akamwita Minza shemeji asubuhi na jioni, akarudi kwao na unga. Ng'ombe hakutajwa.

Kizito alianguka mbele ya mashine asubuhi ya mwezi wa nane, mkono bado uko kwenye swichi. Alikuwa ameshakata roho; wakasema presha. Minza alizima mashine kwanza, ndipo akapiga kelele. Nakumbuka ukimya ule ulivyoingia chumbani kwangu kabla ya sauti yake. Lawrensi alifika na binamu wawili. Hapakuwa na ugomvi, na hilo ndilo linaloniuma. Walikuwa watu wa adabu. Walimpa pole, wakanywa chai yake, wakasema mtu wa ukoo wao huzikwa kwenye shamba la ukoo, karibu na Masaka, na Minza akakubali, maana hata Kizito alikuwa akisema hivyo. Tuliondoka na gari la kukodi, tukavuka kivuko, tukazunguka ziwa lote hilo kwa barabara, jeneza nyuma na sisi juu ya magodoro pembeni yake. Mimi nilikwenda kwa sababu Minza hakujua Kiganda. Chuo hakikunipa ruhusa na sikuiomba.

Tulizika siku ya pili. Shambani, chini ya migomba, wazee wa ukoo walikaa kwenye mikeka na watu wakasimama nyuma. Kabla ya jeneza kushushwa, mzee mmoja mwenye kanzu alisimama akasema kuwa kwa desturi yao hakuna anayetupa udongo bila ukoo kujua yeye ni nani kwa marehemu, ili kesho asitokee mtu akadai kisichokuwa chake. Wakaitwa mmoja mmoja, kaka, dada, watoto wa dada. Ilipofika zamu ya Minza, mzee aliuliza, nami nikamtafsiria: "Wewe ni nani kwake?" Akasema, "Mke wake." Mzee akamtazama Lawrensi. Lawrensi akatazama chini, akasema kwa upole kabisa kuwa ukoo haujapeleka mahari kokote. Mzee akatikisa kichwa. Akasema mwanamke ambaye ukoo haukumtolea mahari hawezi kuandikwa mke siku ya maziko, ila ukoo si katili. Akisema yeye ni rafiki wa marehemu, aliyempokea ugenini, atatupa udongo kama marafiki wengine. Akikataa, akae nje ya ua mpaka wamalize.

Nilimtafsiria Minza polepole. Nikamwambia kwa Kiswahili, maneno yangu mwenyewe, "Mama, usikubali. Ukisema hivyo hapa, watalibeba mpaka kwetu." Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimesoma kwamba sheria inadhania, na kwamba dhana inaweza kukanushwa. Aliniangalia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Wanaume walikuwa wameshashika kamba za jeneza. "Wataanza kumshusha," alisema. "Waambie mimi ni rafiki." Nikatikisa kichwa. "Mwanangu, waambie." Nikawaambia. Maneno yalitoka kinywani mwangu kwa Kiganda safi: huyu si mke wake, ni rafiki aliyempokea. Mzee akasema asante. Minza akaokota udongo kwa mikono miwili, si kwa vidole kama wengine, akauangusha, akaokota tena, mpaka dada mmoja wa Kizito akamshika bega.

Mwezi haukuisha Lawrensi akaja kuomba usimamizi wa mirathi mahakamani hapa. Mirathi yenyewe ilikuwa mashine. Minza aliweka pingamizi. Wakili mmoja aliyekuwa akitufundisha kwa muda alikubali kumsimamia, na mimi nikawa nabeba mafaili yake. Mwanzoni tulikuwa tunashinda. Walikuja majirani, muuza mkaa, mama wa genge, Mzee Masanja wa nyumba ya jirani ambaye alivaa koti la marehemu baba yake kwa heshima ya mahakama. Wote waliulizwa walimjua mwanamke huyu kama nani. "Mke wa Mganda," walisema, mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao akamuuliza hakimu, "Kwani kuna mtu hajui?" Kwa sheria yetu hiyo ndiyo ndoa. Nilikuwa nimekaa nyuma nikitaka kupiga makofi.

Kisha Lawrensi akapanda kizimbani akaeleza ya Masaka. Akasema, bila hasira, kwamba mwanamke mwenyewe alikiri mbele ya ukoo kuwa si mke. Mapumziko yalipofika wakili wetu alituita kwenye kibaraza. "Hili linafutika," alisema. "Wewe Kiganda hujui. Utasema ulisema mke, huyu binti akatafsiri vibaya. Ni mwanafunzi, alikuwa na uchovu wa safari. Nani atabisha?" Nilisema mimi nipo tayari, hata kuapa. Sikujali kiapo. Nilimwambia Minza, "Mama, nisingizie mimi. Nitakuwa wakili siku nyingi, watasahau. Mashine hutaipata tena." Alikuwa anakula karanga kutoka kwenye fundo la khanga. Akasema tu, "Twende ndani, wanatuita."

Minza alipopanda kizimbani, wakili wa Lawrensi hakuzunguka. "Uliulizwa wewe ni nani kwa marehemu?"

"Niliulizwa."

"Ukasema nini?"

"Kwanza nilisema mke. Halafu nikasema rafiki."

"Mkalimani alikosea?"

"Binti alitafsiri sawasawa. Mwenyewe alinikataza, nikamlazimisha."

Hakimu aliinua kalamu. "Mama, kwa nini ulisema jambo ambalo leo unalikana?"

"Nisingesema, nisingemzika."

"Huoni kwamba umejiharibia?"

"Ninaona, mheshimiwa."

Nilimchukia siku ile, bora niseme ukweli. Nilimchukia kwa udongo ule, kwa ukaidi wake, kwa kunikatalia uongo mdogo ambao ungemwachia riziki. Sasa mimi ni mtu mzima, nimezika wangu, na bado sijui kama nimemsamehe. Ninachojua ni kwamba alikuwa hajamwacha mtu yeyote anifanye mimi mwongo, na kwamba sikuwa nimemwomba heshima hiyo.

Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza kisha ikafupishwa kwa Kiswahili. Dhana ya ndoa ilikuwepo, mahakama ilisema, lakini imekanushwa kwa kauli ya mweka pingamizi mwenyewe, aliyoitoa kwa hiari mbele ya ndugu. Katika hukumu nzima Minza aliitwa "mwanamke aliyekuwa akiishi na marehemu." Kwa msaada wake katika shughuli akaachiwa vyombo vya ndani na magunia ya mahindi yaliyokuwa stoo. Mashine ikaenda kwa msimamizi. Mwalimu wetu wa ramani alisema darasani kwamba hukumu hiyo ilikuwa safi sana kitaaluma, na mwenzangu yule mchekeshaji akaandika.

Jioni hiyo tuliporudi Buzuruga, Minza alitoa viti vyote nje. Akakunja kitanda, akatandika mkeka sakafuni, akajifunga khanga kichwani, akanyoosha miguu, akaanza kulia kwa sauti ambayo hakuwahi kulia, kwa sababu kule Masaka rafiki hana matanga na hapa tuliporudi barua za mahakama hazikukawia. Majirani walikuja wakikimbia. "Nani kafa?" mama wa genge aliuliza mlangoni. "Mume wangu," alisema Minza. Hakuna aliyemwambia kuwa huyo alikufa siku nyingi. Walivua viatu, wakaingia, wakakaa. Wanawake wakaleta kuni na maharage, wakasonga ugali kwa unga wa mashine ileile. Wanaume wakawasha moto nje. Mzee Masanja akaja na kigoda chake.

Asubuhi Lawrensi alifika na mafundi wawili na gari la kubebea mashine. Alipoona watu akasimama. Mzee Masanja hakuinuka. "Karibu," alimwambia. "Kaa kwanza. Hapa kuna msiba, na wewe ni mfiwa." Lawrensi alitazama gari, akatazama watu, akakaa. Mafundi nao wakakaa. Minza alipopata habari aliagiza sahani ya Lawrensi iwe ya kwanza kutoka jikoni. Akala. Baadaye aliingia ndani kwa magoti kama inavyopasa, akamshika Minza mikono, akalia, na nitaapa katika mahakama yoyote duniani kwamba alilia kweli. "Pole sana, shemeji," alisema. "Asante," Minza alimjibu. "Pole na wewe. Alikuwa anakupenda." Alibaki pale siku zote za matanga, analala nje na wanaume, anachota maji, anapokea wageni.

Tulipoanua matanga, majivu yakazolewa, viti vikarudishwa ndani. Lawrensi alinawa mikono, akawaita mafundi wake, akaingia chumba cha mbele. Nati za kwenye sakafu zilikuwa zimeshika kutu; Kizito alizikaza mwenyewe na hakuna aliyewahi kuzigusa. Walivuta spana kwa zamu, wakatoka jasho, mmoja akaanza kugonga kwa nyundo. Minza alikuwa jikoni anasuuza masufuria. Alisikiliza zile nyundo kidogo, akafuta mikono, akamimina mafuta ya kupikia kwenye kikombe, akaingia. "Pakeni haya, muache yaingie," aliwaambia. "Mkigonga hivyo mtaivunja."